Mkate wa Watu Sita

Nyumbani, 2 Februari

Mdogo wangu Kimya,

Hujambo huko vumbini? Sisi huku wazima, tena wazima wa kupitiliza. Mama goti linamsumbua akilikumbuka. Asipolikumbuka anapanda ngazi mbio. Jirani wa juu ameanza kujifunza tarumbeta, kwa hiyo jengo zima tunajifunza naye. Cherehani yangu haijambo, na wateja ni walewale: analeta kitambaa leo, anataka suruali jana. Wifi yangu naye hajambo. Juzi nimemvua turubai nikamfuta vumbi, ana kutu kidogo mlangoni lakini taa zote mbili zinawaka. Usinune! Mwanaume ana miaka arobaini na saba, hajaoa, na gari analiosha mara mbili kwa wiki. Mimi hilo gari niliite nani kama si wifi?

Sasa kaa chini. Umekaa? Najifunza udereva!

Ndiyo, mimi, na miwani yangu ya kusomea. Mwalimu anasema mguu wangu una kipaji. Nikamwambia kaka, miaka thelathini ya kukanyaga cherehani si mchezo, klachi naisikia mpaka kwenye unyayo. Ananisifu kila siku. Karibu kila siku.

Nikipata leseni, safari yangu ya kwanza ni mji wa pili. Kilomita arobaini na sita, kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Kuna duka kubwa la vifungo kule, na mimi nimechoka kuagiza vifungo vya bluu naletewa vya kijivu halafu naambiwa ni bluu ya kisasa. Wewe njia ile uliipita kila Jumamosi miaka mitatu mfululizo, kabla hujaondoka kwenda kuwatengenezea watu barabara. Niandikie basi, kona kwa kona. Mama anakuja pia. Ameshachagua kiti: nyuma, katikati, ili atuone sote vizuri. Sote wenyewe ni mimi.

Jibu haraka, na usiniandikie mistari mitatu kama kawaida yako.

Dada yako,
Redio


Kambini, 20 Februari

Dada,

Barua imefika na lori la mafuta, ambalo huja kila wiki mbili likijisikia. Mimi mzima. Greda langu zima. Jua kali. Habari zangu zimeisha.

Ama njia, ni hivi. Toka saa moja asubuhi, kabla malori hayajaamka. Kilomita ya nane kuna daraja jembamba. Piga honi kabla hujaingia, hata kama huoni mtu. Kilomita ya kumi na tisa kuna matuta matatu. Mawili yana rangi, la tatu halina, na hilo ndilo kubwa. Kilomita ya thelathini shule yenye paa la bluu, punguza mwendo. Baada ya shule kuna mteremko. Usiachie gia, shuka na ya pili. Kilomita ya arobaini na tatu utaona tangi la maji.

Mjini utakuta mzunguko wenye saa iliyosimama. Toka njia ya pili. Pita posta, iache kushoto. Hesabu vichochoro upande wa kulia, ingia cha tatu, kile chenye karakana ya baiskeli pembeni. Mwisho wa kichochoro kuna mlango wa kijani na dirisha la mikate. Dirisha linafunguliwa saa tatu, ila Jumamosi saa mbili na nusu. Ukutani kuna kengele lakini haina haja ya kupigwa, wanasikia gari likiingia. Kuna kizingiti kidogo, Mama aangalie goti. Omba mkate mkubwa, ule wa watu sita. Usiombe mdogo.

Mkate wenyewe hauna makuu. Ni kwa ajili ya Mama tu.

Kichochoro hakina pa kugeuzia. Ukiingia kwa mbele unatoka kwa rivasi, hatua kama arobaini. Hujaniambia rivasi yako ikoje.

Duka la vifungo silikumbuki liko wapi. Uliza watu.

Kimya


Nyumbani, 9 Machi

Kimya wewe!

Salamu nyingi, sisi hatujambo, jirani wa tarumbeta sasa anajua nusu ya wimbo. Nimeshona sare za kwaya nzima, watu ishirini na wawili, hakuna hata wawili wenye mabega sawa. Mama nimemsomea barua yako. Nilipofika pale pa "kwa ajili ya Mama tu" alivua miwani. Akasema, "Mimi? Mimi na meno haya? Mkate ule nilikuwa nakula moyo wake tu, maganda nampa huyu."

Huyu ni mimi. Na mimi nikaacha cherehani, nikakaa, nikafikiri.

Miaka mitatu, Kimya. Kila Jumamosi unarudi na mkate mkubwa kama mto wa kulalia. Watu tulikuwa watatu! Jumapili mkate, Jumatatu mkate, Jumanne mkate umekauka tunauchovya kwenye chai, Alhamisi Mama anauliza kama mchele umepigwa marufuku. Na kwenye mtaa wetu huu kuna maduka matatu ya mikate, mojawapo liko chini ya dirisha langu, moshi wake unanuka kwenye vitambaa vya wateja. Mtu anayevuka daraja, matuta, shule na mteremko, kilomita arobaini na sita, kufuata mkate usio na makuu, huyo hakufuata mkate.

Nakuuliza mbele ya mama yako mzazi: nani yuko nyuma ya hilo dirisha?

Jingine dogo. Hicho kichochoro hakina hata kiupenyo cha kutokea mbele? Nauliza tu.

Redio, masikio wazi


Kambini, 27 Machi

Dada,

Nimefurahi kusikia kwaya imevaa. Mimi mzima. Greda limebadilishwa mafuta.

Kuhusu matairi: yajazwe upepo asubuhi yakiwa baridi, ya mbele kidogo kuliko ya nyuma, kwa sababu Mama atakuwa nyuma. La akiba lijazwe pia. Jeki iko chini ya kiti, imefungwa kwa kitambaa chekundu. Kioo cha kulia kimelegea, kikaze. Maji ya rejeta kila asubuhi, kamwe si injini ikiwa ya moto.

Nadhani kuna kitu uliuliza ukurasa wa pili. Wino ulikuwa umefifia.

Kichochoro hakina upenyo.

Wakubwa wamenipa karatasi ya mkataba mpya. Miaka mitatu, na safari hii ni mbali zaidi, mahali ambapo hata lori la mafuta hufika mara moja kwa mwaka. Natakiwa kusaini kabla ya tarehe thelathini Juni. Nimejaribu kutafuta kitu cha kunizuia, sikioni. Wewe unakiona?

Kimya


Nyumbani, 12 Aprili

Mdogo wangu,

Nakiona! Nakiona hata bila miwani!

Salamu baadaye. Wino wangu haukufifia, na wewe unajua kwamba najua. Eti huoni cha kukuzuia. Mtu anayekumbuka kizingiti cha mlango wa watu kina urefu gani anashindwa kuona? Kalamu hiyo iweke chini. Usiguse karatasi ya mtu mpaka mimi nifike kwenye hilo dirisha nikaangalie kuna nini.

Na nitafika, kwa sababu, shika kiti, NIMEPATA LESENI! Tangu tarehe nane. Picha yangu wamenipiga nikiwa nacheka, mtahini akasema nikae kama mtu mzima, nikashindwa. Mama anaionyesha kwa wauza mboga. Jumamosi ya kwanza nitakayopata nafasi natoka. Sare za shule zimenikalia shingoni mpaka Mei, lakini natoka.

Sema neno moja tu, nijue naenda kwa nani. Ukitaka niende kichwakichwa, nitaenda kichwakichwa, wewe unanijua.

Habari za rivasi siandiki, ukurasa umejaa.

Redio


Nyumbani, 10 Mei

Kimya,

Barua hakuna. Nimekwenda posta mara nne, yule wa dirishani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika. Umenuna? Nilikutania sana? Kwenye taarifa ya habari wanasema huko mvua imekata njia. Mama ameacha kupanda ngazi mbio, goti amelikumbuka.

Kama umesaini, niambie. Nitakupigia kelele mwaka mmoja halafu yataisha. Lakini usinyamaze hivi. Naogopa.

Dada yako


Kambini, 19 Mei

Dada,

Samahani. Mvua ilibeba kilomita tano za barabara, tena zile tulizokuwa tumemaliza. Lori la mafuta limefika jana, barua zako mbili kwa pamoja. Sikununa. Mwambie Mama mimi mzima. Sijasaini.

Ulisema ukurasa umejaa. Nusu yake ilikuwa nyeupe.

Sasa nasema mara moja, usije ukataka nirudie. Ni mwoka mikate mwenyewe. Anaoka, na dirishani ni yeye pia. Jina lake silijui, sikuwahi kuuliza. Mkate mdogo anaukunja tu kwenye gazeti, nusu dakika. Mkubwa anaukata kwa mkono, anaufunga karatasi mbili na uzi. Unachukua dakika nne. Ndiyo maana nilikuwa nanunua mkubwa.

Utauliza nilimwambia nini miaka mitatu. Nilimwambia, "Ule mkubwa, tafadhali," na, "Asante." Siku moja nilisema, "Leo kuna upepo." Akasema, "Kweli." Wiki ile nzima nilikuwa mtu mwingine, wewe ulidhani nimepandishwa cheo.

Jumamosi ya mwisho kabla sijaja huku niliapa nitamwambia yote. Nilirudia maneno tangu darajani. Nikafika, nikafungua mdomo, nikanunua mikate miwili.

Nenda basi. Uangalie kama yupo. Kama ana pete, au ana mtu, niandikie tu kwamba vifungo vimekwisha, nami nitasaini. Ila nakuomba, dada yangu. Usimwambie lolote. Nakujua. Usiseme hata neno moja.

Kimya


Dirishani kwa mikate, 13 Juni

Mdogo wangu wee!

Nakuandikia nimekaa juu ya gunia la unga, sketi yangu nyeusi imekuwa nyeupe, sijali! Ngoja nianze mwanzo nisije nikapasuka.

Tulitoka saa moja kamili. Jirani alitupigia tarumbeta toka dirishani, ule wimbo wake nusu. Darajani nilipiga honi, na Mama akatoa kichwa nje akapiga kelele "Tunapita!" kwa usalama zaidi. Matuta yote matatu nimeyapanda kama bibi harusi. Kwenye mteremko gia ya pili, Mama kafumba macho, ananiambia nisifumbe. Dakika hamsini na tano, Kimya! Nilibeba chakula cha mchana na mablanketi mawili kwa dakika hamsini na tano.

Sasa sikiliza. Siri yangu ni hii. Mtihani wa udereva nimeufanya mara tatu. Mara mbili wamenirudisha kwa sababu ya rivasi, na ya tatu niliangusha koni moja. Zingekuwa mbili ningekuwa bado natembea kwa miguu. Kwa hiyo mpango wangu ulikuwa niache gari posta, nikuangalizie kwa miguu, nirudi. Lakini pale kichochoroni nilisimama kidogo nihesabu kama ni cha pili au cha tatu, lori la soda likanipigia honi nyuma, nikababaika, nikaingia mzimamzima mpaka mwisho. Mbele mlango wa kijani. Kushoto ukuta. Kulia ukuta. Mama akasema, "Umefika."

Hata sijazima injini, mlango ukafunguka kwa kishindo. Akatoka mwanamke anakimbia, unga mpaka viwikoni, mkate mkubwa kwapani, anacheka peke yake. Akaja moja kwa moja dirishani kwangu. Akaniona mimi. Kile kicheko kikakatika kama maji ya bomba.

Akajikaza. Akamwamkia Mama. Akaniambia, kwa adabu zote, "Karibu, shemeji. Baba watoto hajambo? Na wale mapacha, wanakimbia sasa?"

Mapacha!

Nikasema mapacha gani. Akasema, "Si yule bwana wa Jumamosi? Mkate wa watu sita kila wiki, nikajua kwake kuna mke na watoto wanne. Halafu siku ya mwisho kachukua miwili, nikasema basi, mkewe kajifungua pacha. Hakurudi tena, nikajua amezidiwa na malezi."

Kimya, uliniambia nisiseme hata neno moja. Sikusema. Nilijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, usukani ukawa peke yake. Aliyesema ni Mama, toka kiti cha nyuma, katikati: "Mwanangu, huyo hana mke wala mtoto. Ana mimi, ana huyu dada yake, ana hili gari. Mkate wako tumeula sisi watu watatu, miaka mitatu, mpaka meno yangu yakakwisha. Wewe una mume?"

Akakaa chini palepale kwenye kizingiti. Nikadhani anazimia, kumbe anacheka. Akacheka akalia, akafuta machozi na ile mikono, uso wote ukawa unga, akacheka tena. Mume hana, hakuwahi kuwa naye. Pete hana, nimekagua vidole vyote kumi. Na ule mkate wa kwapani, unajua ni wa nini? Gari lako linakohoa mara mbili likiingia, amelisikia toka ndani, akaushika njiani. Kila Jumamosi anaweka mmoja mkubwa pembeni mpaka saa sita, halafu anawapa mafundi baiskeli. Miaka miwili sasa! Nimewaona hao mafundi. Wamenenepa.

Barua yako ya Mei nilikuwa nayo kwenye mkoba. Uliniambia nisiseme, hukuniambia nisimpe asome. Amesoma mara mbili. Alipofika pale pa dakika nne alinigeuzia mgongo muda mrefu.

Kisha nikamwambia na yangu, kwamba mimi rivasi sijui na nitaishi hapa kichochoroni. Akasema twende. Akasimama nyuma ya gari, akawa anarudi kinyumenyume ananionyesha kwa mikono: njoo, njoo, kata kidogo, nyoosha, njoo. Mama anahesabu hatua kwa sauti. Arobaini na mbili! Wifi wa turubai kachubuka bega kidogo tu. Mafundi baiskeli walipiga makofi, na mimi nimelia kwa furaha mbele ya watu nisiowajua.

Vifungo sijanunua. Duka sijaliona wala sikulitafuta, kwa hiyo siwezi kukuandikia kama vimekwisha au vipo. Kuna mtu hapa ananiomba kalamu.

Redio

*Bwana wa Jumamosi,*

*Mkate mkubwa unakatwa na kufungwa kwa dakika moja. Hizo tatu nilikuwa naziongeza mimi.*

*Leo kuna upepo.*


Kambini, 26 Juni

Dada,

Kweli.

Karatasi nimewarudishia bila saini. Nimewauliza watu wa lori la mafuta kama kuna nafasi, wakasema nikae na mapipa, nimekubali. Nafika tarehe tatu, Ijumaa. Bega la gari usilitengeneze, nataka kuliona.

Jumamosi naendesha mimi. Wewe kaa mbele. Usimwambie lolote, nitasema mwenyewe safari hii, maneno ninayo, nimeyaandika kwenye karatasi na kuyakariri juu ya greda mpaka wenzangu wameyajua.

Ila Mama akae nyuma, katikati. Nikikwama, aseme yeye.

Kimya